Damu inaporudi

*Mshipa wa moyo ukiziba, misuli hufa kwa njaa. Ukizibuliwa, sehemu nyingine hufa kwa shibe ya ghafla. Kwa miongo kadhaa watafiti wamesaka kinga ya madhara hayo, na mojawapo ya walizojaribu ni mkanda ule ule wa kupimia presha.*

Dada yangu ni muuguzi, na hapendi kusumbuliwa na mambo ya kazini akiwa nyumbani. Siku ile alikubali kwa shingo upande. Alinifunga mkanda wa mashine ya presha mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, akaminya mpira mpaka mshale ukapita 180 na kutua 200, akakaza kijiskurubu. Akaiweka simu mezani ianze kuhesabu.

"Dakika tano," akasema. "Usije ukaniambia unaumia, mdogo wangu. Umeyataka mwenyewe."

Dakika ya kwanza ni kubanwa tu. Ya pili, vidole vinaanza kufa ganzi na kiganja kinapauka kama cha mtu aliyefua tangu alfajiri. Kufikia ya nne mkono haukuwa wangu tena. Ulikuwa kitu kizito kimelazwa mezani kando ya bakuli la karanga. Kisha akafungua. Hewa ikatoka kwa mluzi, na hapo ndipo nilipouma meno. Damu ilirudi na joto lake, kiganja kikaiva wekundu, vidole vikachomwachomwa kama vimetiwa kwenye upupu.

Aliyewahi kukalia mguu mkekani, msikitini au matangani, anaujua mchezo huu. Mguu ukifa ganzi hauumi. Unauma ukifufuka. (Daktari atanikosoa kwamba ganzi ile ni ya mishipa ya fahamu zaidi kuliko ya damu. Sawa, lakini mwili unajifunza kwa ulichonacho.)

Nilichofanyiwa ni robo ya dozi. Dozi kamili ni kubana dakika tano, kuachia dakika tano, mara nne. Watu maelfu wamefungwa mkanda huo katika hospitali za Ulaya, si kwa ajili ya mkono, bali kwa ajili ya moyo uliokuwa unakufa sentimita kadhaa pembeni.

Mfuko wa saruji kifuani

Jirani yetu ana duka la vifaa vya ujenzi. Jioni moja mwaka jana, anafunga duka ili aiwahi Ishaa, kifua kilimlemea. Hakusema amechomwa. Alisema ni kama mtu amemtwika mfuko wa saruji kifuani halafu akaondoka. Jasho jembamba likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito mpaka kidole cha mwisho. Ilikuwa saa mbili usiku.

Alijua ni vidonda vya tumbo, maana aliwahi kuambiwa anavyo. Mkewe akamletea maziwa baridi. Saa tano bodaboda ikampeleka zahanati, akapewa dawa ya tumbo na sindano ya maumivu, akarudi kulala, ingawa kulala kwenyewe alilala amekaa. Asubuhi alipofikishwa hospitali, mashine ya ECG, ile inayochora mwenendo wa moyo, ilikuwepo. Iliyokosekana ni karatasi yake. Mtu akatumwa kuazima kituo kingine. Mchoro ulipotoka, ilikuwa saa nne.

> Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne asubuhi ni saa 14. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 12 za kwanza.

Hakufa, na kwa hilo familia yake inamshukuru Mungu. Ila leo akipanda vidato vitatu vya baraza lake lazima asimame. Analalia mito mitatu. Jioni miguu inavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kila asubuhi anameza Lasix na kuhesabu safari za chooni. Duka linaendeshwa na mwanawe.

"Mimi mzima," huniambia, "ila injini imebaki na pistoni mbili."

Hiyo ndiyo sura ya mshtuko wa moyo ambayo takwimu za vifo hazionyeshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na asilimia 85 ya vifo hivyo vilitokana na mshtuko wa moyo na kiharusi. Walionusurika na moyo uliopungua nguvu hawamo katika hesabu hiyo. Na nguvu ya moyo itakayobaki huamuliwa katika saa chache za mwanzo.

Moyo hufa kwa mafungu

Moyo hauli damu inayopita vyumbani mwake. Unalishwa na mishipa yake wenyewe, inayouzunguka kwa nje na kuzamisha matawi ndani ya nyama. Utando wa mafuta uliojijenga kwa miaka ndani ya mshipa ukipasuka, damu huganda juu yake kama inavyoganda juu ya jeraha, na bonge hilo laweza kuziba njia yote.

Hapo misuli iliyo mbele ya kizibo haifi yote kwa mara moja. Mwaka 1977, Keith Reimer na Robert Jennings wa Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, Marekani, walionyesha kwa mbwa jinsi kifo hicho kinavyosafiri. Kinaanzia tabaka la ndani kabisa la ukuta wa moyo, ambako damu hufika kwa taabu hata siku za neema, kisha kinatambaa kwenda nje. Mshipa ukizibwa dakika 40 halafu ukaachiwa, takriban asilimia 38 ya unene wa ukuta ilikuwa imekufa. Saa 3, asilimia 57. Saa 6, asilimia 71. Ukiachwa umezibwa, 85.

Binadamu si mbwa, na wako wenye vijishipa vya pembeni vinavyowavushia damu kidogo wakati njia kuu imefungwa. Lakini mkondo ni huo huo: anayezibuliwa mapema anaokoa nyama nyingi, anayechelewa anaokoa kidogo, na anayechelewa sana anaokoa kovu.

Ndiyo maana tiba yote ya dharura ya moyo ni mbio za kuzibua. Njia ya kwanza ni katheta: mrija mwembamba hupitishwa mkononi au kwenye paja mpaka moyoni, puto hupanuliwa pale palipoziba, kisha huachwa kijineli cha waya kiitwacho stenti. Andreas Grüntzig alifanya ya kwanza ya mishipa ya moyo mjini Zurich mwaka 1977. Njia ya pili ni sindano ya kuyeyusha bonge. Miongozo ya Ulaya inasema kama katheta haiwezi kufanyika ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, mgonjwa asisubirishwe, apewe sindano.

Umeme unaporudi

Kinachowachanganya hata baadhi ya wauguzi ni hiki kinachofuata. Damu inayookoa ndiyo hiyo hiyo inayojeruhi.

Kila mwenye friji nchini hapa anaelewa somo hili bila darasa. Umeme ukikatika friji haiungui. Inaungua umeme unaporudi kwa kishindo. Ndiyo maana watu hununua kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachongoja dakika kadhaa, taa nyekundu igeuke kijani, ndipo kiruhusu umeme upite.

Seli ya moyo iliyokosa oksijeni huanza kuishi kwa kuchachusha sukari, na tindikali hujaa ndani yake. Ili kuitoa tindikali, huingiza sodiamu. Ili kuitoa sodiamu, huingiza kalsiamu. Damu ikirudi ghafla, tindikali iliyo nje husombwa, mabadilishano hayo yanakwenda kasi na kalsiamu inafurika. Oksijeni nayo inazaa kemikali kali zinazounguza kila zinachogusa. Mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, hufungua tundu kwenye ukuta wake, huvimba na kupasuka. Seli iliyovumilia njaa kwa saa nzima inakufa katika dakika za mwanzo za shibe.

Jennings alianza kuuandika uharibifu huu tangu 1960. Watafiti wa London, Derek Yellon na Derek Hausenloy, waliandika mwaka 2007 kwamba kwa ushahidi wa majaribio ya wanyama, jeraha la kurudi kwa damu laweza kufikia nusu ya kovu lote linalobaki. Wako wanaoona makadirio hayo yametiwa chumvi. Hata yakigawanywa kwa mbili, bado ni pistoni nzima.

Mshangao wa Durham

Mwaka 1986, kwenye maabara hiyo hiyo ya Duke, mwanafunzi Charles Murry pamoja na Jennings na Reimer walichapisha katika jarida la *Circulation* jaribio lililogeuza fikra. Waliuziba mshipa wa moyo wa mbwa dakika tano, wakauachia dakika tano, wakarudia mara nne, kisha wakauziba dakika 40. Kwa hesabu ya kawaida, moyo uliokwisha kunyimwa damu mara nne ungeumia zaidi. Ulikuja na kovu lenye ukubwa wa robo tu ya lile la mbwa ambao hawakuandaliwa hivyo.

Moyo ulionyimwa kidogo kidogo ulikuwa umejifunza kitu. Ulijibana matumizi, ukawasha ndani ya seli mnyororo wa ishara ambao mwisho wake ni kulifunga lile tundu la mitokondria.

Kuna sehemu ya makala ile ambayo haitajwi sana. Kundi jingine la mbwa waliandaliwa vile vile, lakini mshipa ukazibwa saa tatu badala ya dakika 40. Hao hawakupata nafuu yoyote. Kinga ile inachelewesha kifo cha misuli; haikifuti. Ningekuwa mhariri wa jarida lile, sentensi hiyo ningeiweka kichwani.

> Kinga ile inachelewesha kifo cha misuli, haikifuti.

Tatizo la pili lilikuwa la akili ya kawaida. Nani atauziba mshipa wa moyo wa mtu kwa makusudi kabla hajaugua? Mshtuko wa moyo haupigi hodi.

Mpasuaji, kwa upande wake, anajua saa atakayousimamisha moyo. Mwaka 1955, Denis Melrose na wenzake wa London walionyesha kuwa moyo unaweza kusimamishwa kwa hiari kwa potasiamu na kuamshwa tena, na baadaye upasuaji ukajengwa juu ya ulinzi huo: mashine inachukua kazi ya kusukuma damu, maji baridi yenye potasiamu yanaingizwa kwenye mishipa ya moyo, nao unalala bila kudai chakula. Ndivyo inavyofanyika hata kwenye meza za Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Huo ndio ulinzi wa moyo uliofaulu kuliko wote, na umefaulu kwa sababu moyo ulipewa taarifa.

Mkono unaousemea moyo

Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1993. Karin Przyklenk na wenzake waliandaa eneo moja la moyo wa mbwa kwa kulinyima damu kidogo kidogo, kisha wakaziba mshipa wa eneo jingine ambalo halikuguswa. Nalo likalindika. Kama ujumbe unaweza kutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine, utashindwaje kutoka mbali zaidi? Wengine wakajaribu figo, kisha utumbo, kisha paja. Mwaka 2002 kikundi cha Rajesh Kharbanda kikaonyesha kuwa mkanda wa kawaida mkononi unatosha kuamsha kinga hiyo.

Hapo ndipo dawa ikawa kitu kilichoko kila zahanati. Hainunuliwi, haihitaji jokofu, haiishi muda wake. Na ubora wake mkubwa ni kwamba mkono unaweza kufungwa mshtuko ukiwa umeshaanza, mradi mshipa haujazibuliwa.

Wadenmaki wa Aarhus, wakiongozwa na Hans Erik Bøtker, waliufunga mkanda kwenye gari la wagonjwa likiwa njiani. Wagonjwa walikuwa 333. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010 katika *The Lancet*, yalionyesha kuwa waliofungwa mkanda waliokoa sehemu kubwa zaidi ya misuli iliyokuwa hatarini. Yale yalikuwa matumaini makubwa. Nakumbuka nilivyoisoma habari ile mara ya kwanza, nikaona nimepata makala ya maisha: mashine ya presha ya bei ya mbuzi mmoja itaokoa mioyo ya bara zima. Bahati nzuri sikuiandika.

Jibu la mwaka 2019

Jaribio kubwa lilifanywa Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia, katika hospitali 33, kwa wagonjwa 5,401 waliopelekwa kuzibuliwa kwa katheta. Nusu walifungwa mkanda kweli. Wengine hawakupata tiba hiyo. Baada ya mwaka mmoja walihesabiwa waliokufa kwa moyo au kulazwa kwa moyo kushindwa kazi. Ambao hawakupata mkanda: asilimia 8.6. Waliopata: asilimia 9.4.

Yaani hakuna faida yoyote. Hata tofauti yenyewe ilielemea upande usiotakiwa, ingawa kwa kiasi kinachoweza kuletwa na bahati tu.

Mkanda haukuwa wa kwanza kuanguka. Siklosporini, dawa ya kulifunga lile tundu la mitokondria, ilileta matokeo mazuri kwa watu 58 mwaka 2008. Ilipojaribiwa kwa watu 970 mwaka 2015, haikufaa kitu. Mwaka huo huo majaribio mawili makubwa ya mkanda kabla ya upasuaji wa moyo, moja la Uingereza na moja la Ujerumani, yalitoka mikono mitupu.

Wanaojua historia ya majaribio haya hupenda kukumbusha kisa cha ISIS-2. Utafiti ule wa mwaka 1988, wenye wagonjwa 17,187, ulithibitisha kwamba aspirini inapunguza vifo baada ya mshtuko wa moyo. Wahariri wa jarida walipotaka wagonjwa wachambuliwe kwa makundi madogo madogo, watafiti wakawagawa pia kwa nyota zao. Ikaonekana aspirini haiwasaidii waliozaliwa katika nyota ya Mapacha na ya Mizani. Wale mabwana walikuwa wanatania, lakini kwa makusudi: ukiwakata watu vikundi vidogo, utaona chochote unachotaka kukiona.

Waliofika mapema na waliofika jana

Kwa hiyo mkanda ukatupwe? Hapa ndipo wataalamu wanapogawanyika, na hoja za kila upande zina uzito.

Wa upande wa kwanza wanauliza jaribio lile lilifanywa kwa akina nani. Ni watu wa miji ya Ulaya, ambako gari la wagonjwa linakuja limebeba ECG, mshipa unazibuliwa saa chache baada ya maumivu kuanza, na mgonjwa ameshameza dawa kali za kuzuia damu kuganda, ambazo baadhi zinadhaniwa nazo zinaulinda moyo. Vifo vyao vilikuwa vichache tangu mwanzo. Kutafuta faida ya mkanda kwa watu hao, wanasema, ni kama kupima mwavuli siku ya jua. Wanaongeza kuwa mbwa wa maabara ni kijana asiye na kisukari wala presha, na kwa wanaopasuliwa, dawa ya usingizi kama propofoli inaweza kuua ishara inayotoka mkononi.

Hoja hiyo imezaa jaribio lililoandaliwa kwa ajili yetu. Jina lake ni RIC-AFRICA, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2023 na watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Limelenga wagonjwa 1,200 wa Afrika kusini mwa Sahara wenye mshtuko wa moyo ambao hawana njia ya kufikia katheta. Wamegawanywa kwa mafungu: waliopata dawa ya kuyeyusha bonge ndani ya saa 12, na waliofika kati ya saa 12 na 24, dirisha limeshafungwa. Kwa mpango wake, mkanda unafungwa siku ya kwanza na kurudiwa siku mbili zinazofuata, na kipimo ni vifo na moyo kushindwa kazi ndani ya siku 30.

Niliposoma mgawanyo ule nilimwona jirani yetu. Saa 14. Fungu lake limeandikwa pale kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Lakini ni fungu hilo hilo linalonitia shaka. Mbwa wa Durham waliozibwa saa tatu hawakupona kwa kuandaliwa. Kama kinga inachelewesha tu, mtu aliyekaa saa 14 atacheleweshewa nini? Wanaotetea jaribio wanajibu kwamba si kila mshipa huziba moja kwa moja. Bonge hufunga na kufungua, vijishipa vya pembeni husaidia, na kurudia mkanda siku zinazofuata kunaweza kuusaidia moyo uponye kovu lake vizuri zaidi. Ni jibu la heshima. Ni jibu la kupimwa, si la kuaminiwa.

Kwanza karatasi

Wa upande wa pili hawana ugomvi na sayansi. Ugomvi wao ni wa foleni: kipi kitangulie.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, timu ya chumba cha dharura cha hospitali ya KCMC, Moshi, ikishirikiana na Duke, chuo kile kile cha akina Jennings, iliwapima watu wazima waliokuja na maumivu ya kifua au kushindwa kupumua. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na mshtuko wa moyo. Wengi wao ugonjwa huo haukutambuliwa na waliowahudumia. Takriban wanne katika kila kumi wa hao wenye mshtuko walikuwa wamekufa ndani ya siku 30.

> Huwezi kuulinda moyo ambao hakuna aliyejua kuwa unakufa.

Kwa miaka mingi madaktari wetu walifundishwa kwamba mishipa ya moyo kuziba ni ugonjwa wa Wazungu na Wahindi. Kifua kikiuma ni kichomi, ni nimonia, ni vidonda vya tumbo, ni mawazo. Wagonjwa nao wanaanzia duka la dawa, au kwa mganga, au wanajipaka Vicks na kungoja kuche. Haya hayatibiwi kwa mkanda.

Wala katheta haitawafikia wengi kesho. Mitambo ya katheta (Cathlab) ipo Dar es Salaam, ipo Dodoma, ipo Nairobi. Anayeshikwa kifua Tanga ana kama kilomita 350 za kufika Dar, na basi zuri linatumia saa tano. Dakika 120 zimeisha kabla hajafika Chalinze.

Kinachobaki ni sindano. Streptokinasi, kongwe kuliko zote, hutokana na bakteria na ni nafuu kuliko ndugu zake wapya. Katika ISIS-2 peke yake ilipunguza vifo kwa robo, aspirini peke yake kwa karibu kiasi hicho hicho, na zikitolewa pamoja, vifo vilipungua kwa asilimia 42. Hakuna mkanda wala siklosporini iliyokaribia namba hiyo. Vidonge vyenyewe vya aspirini vinauzwa kwa bei ya andazi.

Streptokinasi ina ukali wake. Inaweza kushusha presha ghafla, na mtu mmoja mmoja huvuja damu kichwani. Mgonjwa mwenye presha isiyoshikika au aliyewahi kupata kiharusi cha kuvuja damu hapewi. Daktari kijana wa hospitali ya wilaya, peke yake saa nane za usiku, ana mchoro wa ECG asio na uhakika nao na sindano inayoweza kuua. Akiacha kumpa na mgonjwa akafa, ni mapenzi ya Mungu. Akimpa na mgonjwa akafa, ni yeye. Sishangai akichagua dawa ya tumbo. Anachohitaji ni mtu wa kumtumia picha ya mchoro kwa simu na kujibiwa ndani ya dakika kumi.

Nikiulizwa mimi, napenda mkanda uendelee kupimwa Afrika, kwa sababu ni swali letu na Ulaya haiwezi kutujibia. Nisichotaka ni siku moja waziri kuzindua mradi wa mikanda mbele ya kamera katika hospitali isiyo na karatasi ya ECG.

Saa ngapi?

Nilimrudia dada na haya yote. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho.

"Hiyo mikanda yenu sawa," akasema. "Ila faili la huyo mzee umeliona?"

Nilikuwa nimeliona, mwanawe alinionyesha. Jina limeandikwa, umri umeandikwa, presha, mapigo, joto. Nafasi ya kujaza maumivu yalianza saa ngapi iko wazi. Zahanati hawakuijaza, hospitali hawakuijaza. Ile saa mbili usiku niliipata kwake mwenyewe, barazani, kwa kuwa aliukumbuka mwadhini.

Wodini kwao, dada aliniambia, siku hizi yeye haanzi na mashine. Anamvutia mgonjwa kiti, anamuuliza kwanza saa.

"Na wanakujibu?"

"Wanajibu." Akapuliza makapi. "Wengi wanasema tangu juzi."